Mackay, fundi wa Nateete aliyeacha mifupa kusini mwa ziwa

Anayetoka Kampala kwenda Masaka, na kuendelea hadi mpaka wa Mutukula, hupita Nateete. Wengi hupapita wakiwaza foleni, mzigo na karatasi za forodha. Hapo ndipo Alexander Mackay, mhandisi kutoka Scotland, alipokuwa na karakana yake enzi za Kabaka Mutesa wa Kwanza. Waliomfahamu walimwita Mzungu wa Kazi, jina la Kiswahili, kwa sababu lugha aliyozungumza na Kabaka ilikuwa Kiswahili alichokiokota pwani.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Aberdeenshire. Baba yake alikuwa mchungaji na msomi, naye ndiye aliyemfundisha nyumbani. Alitaka mwanawe awe mchungaji kama yeye. Kijana akapenda zaidi kukaa kwa mhunzi, na alikuwa tayari kutembea maili kadhaa kwenda stesheni kuitazama garimoshi ikisimama dakika chache tu. Mama yake alifariki mwaka 1865, akamwachia Biblia na wosia wa kuisoma. Baba na mama, kila mmoja alipata sehemu yake: Mackay alisomea uhandisi Edinburgh, akaenda Berlin kuchora michoro ya mashine, lakini ibada hakuiacha.

Mwaka 1875 barua ya Stanley ilichapishwa London ikieleza kwamba Mutesa anahitaji walimu wa dini wenye ujuzi wa kazi za mikono. Mackay akaomba kwenda. Siku ya kuagwa aliwaambia wakubwa wa misheni ya CMS wasishangae wakipata habari, kabla ya miezi sita kuisha, kwamba mmoja wao amekufa, na habari hiyo ikifika wasikate tamaa bali watume mwingine. Walikuwa wanane. Miaka michache baadaye yeye peke yake ndiye aliyebaki kazini.

Wafanyabiashara watapendezwa na habari ya njia. Mwaka 1877, baada ya homa kumrudisha pwani mara ya kwanza, Mackay aliongoza vibarua kufyeka barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, maili 230, ili mizigo ivutwe na ng'ombe badala ya kubebwa vichwani. Barabara ilipatikana. Ng'ombe wakafa kwa mbung'o. Kwa hiyo mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi, na hongo ikaendelea kulipwa kwa kila mtemi njiani, kwa nguo na shanga. Baadaye aliandika mara nyingi kwamba bila reli kutoka pwani hadi ziwani hakuna kitakachobadilika. Reli ya Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, yeye akiwa amekwisha kufa.

Kabla hajafika Buganda alikuta msiba. Wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe mwezi Desemba 1877 katika ugomvi ulioanzia kwenye mashua waliyoinunua kwa mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Songoro. Biashara ya chombo kimoja, madai yasiyokwisha, na damu ikamwagika. Mackay alikwenda kwa mtemi Lukonge bila silaha, wakazungumza wakamaliza. Kisha akaitengeneza mashua Daisy, iliyokuwa imeharibika huko Kagei, akavuka ziwa, akafika kwa Mutesa mwezi Novemba 1878.

Kabaka alitaka bunduki na mafundi. Mafundisho ya dini aliyasikiliza pale yalipomfurahisha, hasa Mackay na Padri Lourdel wa Kikatoliki walipobishana mbele yake. Mackay hakuwa mtu mwepesi wa kusuluhishwa, na ubishi ule wa wageni wawili uliwagharimu Waganda baadaye. Lakini karakanani alikuwa mtu mwingine. Alichimba kisima na kuweka pampu, watu wakaja kutazama maji yakipanda juu. Vijana walizungusha jiwe la kunolea huku wakijifunza herufi. Alikata herufi za mbao, akachapa karatasi za kusomea, na waliojifunza wakaitwa wasomaji. Mmoja wao, Sembera, aliomba ubatizo kwa barua aliyoiandika kwa kijiti cha nyasi. Alipobatizwa mwezi Machi 1882 akachukua jina la Mackay.

Mwaka huohuo mama yake Mutesa alifariki. Mackay akaamriwa kutengeneza jeneza, na yakawa matatu, moja ndani ya jingine. La katikati lilikuwa la shaba, iliyopatikana kwa kuvunja masinia na vyombo vya ikulu, na la nje lilikuwa kubwa kama chumba. Kaburi likajazwa marobota ya merikani na nguo za magome kiasi cha kutosha misafara mingi.

Mutesa alikufa Oktoba 1884, mwanawe Mwanga akatawala akiwa na hofu ya Wazungu waliokuwa wakikaribia kutoka mashariki. Hofu hiyo haikuwa ya kitoto, maana miaka kumi baadaye nchi ilikuwa chini ya Uingereza. Mwezi Januari 1885 Mackay na mwenzake Ashe walikamatwa wakielekea ziwani pamoja na vijana wao. Wazungu wakaachiwa. Walikimbilia kwa wakubwa wa ikulu na zawadi ili kuwakomboa vijana, wasifanikiwe. Tarehe 31, Kakumba, Lugalama na Serwanga walichomwa moto Busega, mwendo mfupi tu kutoka karakana ile. Inasimuliwa kwamba walikwenda wakiimba wimbo wa Kiswahili waliofundishwa misheni. Mateso yalipozidi mwaka 1886, Mackay aliwachapia waumini waliojificha barua ya kuwatia moyo, kwa mtambo uleule wa herufi.

Alifukuzwa Buganda Julai 1887, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa, katika Tanzania ya leo. Huko aliendelea na tafsiri ya Injili kwa Kiganda na kuanza kuunda mashua nyingine. Stanley alipopita mwaka 1889 alimsihi arudi kwao apumzike. Akakataa, hakuwa na mke wala mtoto, na baba na dada aliwaona kwa barua tu.

Homa ilimuua tarehe 8 Februari 1890, akiwa na umri wa miaka 40. Jeneza lake lilitengenezwa kwa mbao alizokuwa amezikata kwa ajili ya mashua ile. Wakristo wa Kiganda walisimama kaburini na watoto wa kijiji, wakaimba kwa Kiganda. Mwaka 1927 mifupa yake ilivushwa ziwa na kuzikwa Namirembe.