Simba wa Witu: Sultani aliyewapokea watoro na kuwateka majirani

JINA la Sultani Ahmed bin Fumo Luti, ambaye watu wa pwani ya kaskazini ya Kenya walimpa lakabu ya Simba, limefungamana na historia ya mto Ozi, Kipini na mji wa Witu kwa namna isiyo rahisi kuifungua. Kwa mtumwa aliyetoroka mashamba ya mabwana wa Lamu, Simba alikuwa kimbilio. Kwa mkulima wa Kipokomo aliyelima mpunga kandokando ya Tana, alikuwa tishio. Alikuwa mtu mmoja, na pande zote mbili hazikusema uongo.

Simba alizaliwa katika ukoo wa Wanabahani, waliotawala kisiwa cha Pate kwa karne kadhaa. Utukufu wa ukoo huo ulikuwa umeanza kuporomoka kabla yake. Mnamo mwaka 1812 hivi, jeshi la Pate na washirika wake Wamazrui wa Mombasa lilishindwa vibaya na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Lamu ikaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, na tangu hapo mkono wa Mabusaidi ukawa unazidi kukaza katika visiwa hivyo. Baadhi ya Wanabahani walikubali bendera mpya. Ahmed alikuwa miongoni mwa waliokataa.

Baada ya Seyyid Said kufariki dunia mwaka 1856, mwanawe Majid alirithi Unguja na kuendeleza azma ya baba yake. Simba alisukumwa nje ya Pate, akavukia bara. Alikaa kwanza Kau, bandari ndogo ya mto Ozi juu kidogo ya Kipini, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1860 akaimarisha makao yake Witu. Chaguo hilo lilikuwa la mtu aliyejua vita. Mikoko ya mdomo wa Ozi, vijito vyake na msitu mnene uliozunguka Witu vilikuwa boma ambalo merikebu za Unguja hazikuweza kulibomoa.

Lakini boma bila watu si dola, na watu wa Simba walitoka mahali ambapo maadui zake hawakutarajia. Katika miaka hiyo kilimo cha mtama na ufuta kilikuwa kimestawi sana upande wa bara, mkabala wa visiwa vya Lamu na Pate, na mazao yake yakipelekwa hadi Arabuni. Wenye mashamba waliishi mijini visiwani. Waliolima ni watumwa, nao walilala bara, hatua chache kutoka msituni. Kutoroka kulihitaji usiku mmoja na moyo wa kuthubutu. Watoro hao walimiminika katika himaya ya Witu, wakajenga vijiji vyao, wakalima, wakawinda, na bunduki zao zikawa nguzo ya utawala wa Simba.

Hivyo ugomvi wa kurithi kiti cha Pate ukageuka kuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe juu ya utumwa. Kila mtoro aliyepokewa Witu alikuwa hasara kwa bwana wa Lamu na askari mpya kwa Simba. Mashamba yalivamiwa, mazao yakachomwa, na kila mara Unguja ikatakiwa kulinda mali ya raia wake.

Hapo ndipo dini inapoingia, na inaingia kwa njia tofauti na wengi wanavyodhani. Haikuwa vita vya Waislamu na wasio Waislamu. Sultani wa Unguja alikuwa Mwislamu, mabwana wa Lamu walikuwa Waislamu, Simba alikuwa Mwislamu, na watoro wengi walikuwa wamekwisha kusilimu wakiwa bado utumwani.

Bwana aliyetoka kumtafuta mtumwa wake alishika sheria kama ilivyofasiriwa zama hizo: aliye huru na Mwislamu hawezi kufanywa mtumwa, lakini mtumwa anayesilimu habadiliki kuwa huru kwa kutamka shahada. Mtoro naye aliweza kushika sehemu nyingine ya mafundisho yale yale. Kumwacha mtumwa huru ni ibada kubwa, ni kafara ya makosa kadhaa, na fungu la zaka limetengwa kwa ajili ya kukomboa shingo. Mabwana walisubiri uhuru huo utolewe kwa hiari yao. Watoro walichoka kusubiri.

Simba hakutangaza kwamba utumwa ni haramu. Alichofanya ni kutowarudisha waliomkimbilia, akawafanya watu wake. Ndani ya himaya yake shahada na utiifu kwa sultani vilitosha kumpa mtu mahali pa kusimama. Nje ya mpaka huo mambo yalikuwa mengine. Wapokomo wa Tana, ambao wakati huo wengi wao hawakuwa Waislamu, walivamiwa na watu wa Witu, na baadhi yao wakatekwa na kuuzwa. Dini iliyomkinga mtoro haikumkinga jirani. Wapo watoro waliokimbia minyororo, kisha wakashiriki kuwavisha wengine.

Si ajabu, basi, kwamba Wapokomo walisikiliza waliokuja na dini nyingine. Wamethodisti waliweka kituo Golbanti katikati ya miaka ya 1880, na wamisionari wa Kijerumani wa Neukirchen wakafika Ngao mwaka 1887. Huko kusini, katika Rabai, misheni nazo zilikuwa zimekuwa kimbilio la watoro, hata mwaka 1888 kampuni ya Waingereza ikalazimika kuwalipa mabwana fidia kwa ajili ya watoro zaidi ya 1,400.

Simba aliona mapema kwamba peke yake hangeweza kuishinda Unguja. Mwaka 1867 alimwomba msafiri Mjerumani Richard Brenner amfikishie ombi la ulinzi Prussia, lakini hakupata alichotaka. Nafasi ilirudi mwaka 1885, alipotiliana mkataba na ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, na Ujerumani ikatangaza himaya yake Witu. Seyyid Barghash alipotuma askari, manowari za Kijerumani zilijipanga mbele ya kasri lake Unguja, naye akasalimu amri. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikakubaliana juu ya mipaka, na Witu ikapata pwani yake kuanzia Kipini.

Simba alifariki dunia mwishoni mwa miaka hiyo ya 1880, akiamini pengine kwamba amepata ngao ya kudumu. Ngao hiyo haikufika mbali. Mwaka 1890 Ujerumani iliikabidhi Witu kwa Uingereza. Mrithi wake, Fumo Bakari, hakuulizwa. Mwezi Septemba mwaka huo Wajerumani kadhaa waliuawa Witu, na Oktoba jeshi la Admeri Fremantle likauteketeza mji. Fumo Bakari alifariki Januari 1891. Fumo Omari na watoro waliendelea kupigana msituni hadi ngome za Pumwani na Jongeni zilipovunjwa mwaka 1893.

Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kufikia wakati huo, watoro wa Witu walikuwa wamekwisha kuishi kama watu huru kwa zaidi ya miaka arobaini, bila hati ya bwana wala ya serikali. Uhuru huo ndio urithi mwema wa Simba. Vijiji vya Tana vilivyopoteza watoto wao ni urithi wake pia, na anayetaka kumsifu kwa ule wa kwanza hana budi kuutaja na huu wa pili.