Adrien Atiman, Mganga wa Karema

Mtoto wa Mutarule akiteremka na bonde la Ruzizi atafika ziwa Tanganyika, karibu na Uvira. Na mtu akifuata pwani ya mashariki ya ziwa hilo, safari ndefu kuelekea kusini, atafika Karema, katika nchi ya Tanzania. Hapo alikaa mtu mmoja aliyetoka mbali sana. Jina lake Adrien Atiman.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 huko Tundurma, penye mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Alipokuwa mtoto bado, wauza-watu walimkamata. Alitengwa na baba na mama na kabila lake, akapelekwa kaskazini kupita jangwa kubwa la Sahara. Mtumwa sokoni hakuulizwa jina lake. Iliulizwa bei yake tu.

Katika nchi ya Algeria Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha. Shirika lao lilianzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie mwaka 1868. Walimlea, wakamfundisha, naye akabatizwa. Hivi Atiman alitengwa mara ya pili. Mara ya kwanza alitengwa na wezi ili auzwe. Mara ya pili Mungu alimtenga awe mtoto wake.

Mwaka 1881 Lavigerie alipeleka vijana waliokombolewa kisiwani Malta, wajifunze uganga katika chuo kikuu. Alitaka wawe waganga na makatekista kwa Waafrika wenzao. Atiman alikuwa mmoja wao. Mwaka 1888 alipanda merikebu mpaka pwani ya mashariki ya Afrika, kisha akafuata msafara kwa miguu. Mwaka 1889 aliingia Karema.

Karema palikuwa na boma lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1879. Mwaka 1885 Mapadri Weupe walikabidhiwa boma hilo. Kandokando yake walikaa watu wengi waliokombolewa utumwani, kwa maana siku zile biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma katika nchi za ziwa. Atiman alipotibu watu hao, alijua uchungu wao, kwa kuwa ulikuwa uchungu wake pia.

Hakuwa padri wala bruda. Alimwoa Agnes, binti wa mtemi wa Wabende, na mwana wao Joseph alipewa upadri mwaka 1923. Kazi ya Atiman ilikuwa kutibu wagonjwa na kufundisha dini.

Mtu mwenye elimu kama yake angaliweza kutafuta mshahara mkubwa mjini. Yeye alibaki Karema. Wajerumani walitawala, wakaondoka, Waingereza wakaja, Atiman alikuwa pale pale, pamoja na dawa zake na katekisimu yake. Alifariki mwaka 1956, umri wake yapata miaka 90. Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka 67.

Watoto, mwawaona mama zenu wakitenga mbegu za mahindi. Hata siku ya njaa mbegu hizo haziliwi. Lakini hazitengwi zikae bure juu ya dari. Zinatengwa zipandwe shambani. Ndivyo alivyo Mkristu. Ubatizo humtenga, wala si kwa nguo nzuri, wala si kwa kuwadharau wenzake. Humtenga kwa kazi. Atiman alitengwa, akapandwa Karema, akakaa katika shamba lake mpaka mwisho.