S. M. Otieno: Wakili Aliyezikwa kwa Amri ya Mahakama

Jina la Silvano Melea Otieno, maarufu kama S. M. Otieno, si geni katika historia ya sheria nchini Kenya. Ajabu ni kwamba umaarufu wake haukutokana na kesi alizozitetea akiwa hai, bali na ile iliyosikilizwa yeye mwenyewe akiwa katika hifadhi ya maiti jijini Nairobi.

Otieno alizaliwa mwaka 1931 huko Nyalgunga, Siaya, katika ukoo wa Umira Kager wa jamii ya Waluo. Alisomea sheria Bombay, India, kisha akafanya kazi ya uwakili Nairobi. Mwaka 1963 alimwoa Virginia Wambui Waiyaki, Mkikuyu aliyeshiriki harakati za Mau Mau, kwa ndoa ya mke mmoja iliyotambuliwa na sheria ya serikali. Waliwalea watoto wao mjini. Otieno aliyapenda mno maandishi ya Shakespeare, na hakuwahi kujenga boma Nyalgunga.

Alifariki ghafla tarehe 20 Desemba 1986 bila kuacha wasia wa maandishi kuhusu maziko yake. Hapo ndipo mgogoro ulipozuka. Wambui alitaka kumzika mumewe katika shamba lao la Upper Matasia, Ngong. Joash Ochieng Ougo, nduguye marehemu, pamoja na Omolo Siranga aliyeuwakilisha ukoo, walishikilia kwamba sharti azikwe Nyalgunga.

Mahakama Kuu, mbele ya Jaji S. E. O. Bosire, ilikabiliwa na haki mbili zilizokinzana. John Khaminwa, wakili wa mjane, alidai kwamba Otieno aliishi maisha ya kisasa, na kwamba mke aliyeishi naye ndiye mwenye haki ya kumzika. Richard Kwach, wakili wa ukoo, alijibu kuwa Mluo hajivui uluo wake kwa elimu wala kwa ndoa. Mwanafalsafa Henry Odera Oruka alikuwa miongoni mwa waliotoa ushahidi kuhusu mila. Mabishano yakafikia hata maana ya maneno: kwa Waluo, makao ya mjini ni nyumba tu, ilhali nyumbani ni penye boma la mababu. Matakwa ya marehemu nayo yalibaki katika vinywa vya mashahidi, kila upande ukiwa na wake.

Sheria inayoziongoza mahakama za Kenya huziagiza zizingatie mila za Kiafrika katika kesi za madai, mradi mila hizo zisipingane na haki na maadili wala sheria zilizoandikwa. Kwa msingi huo, Jaji Bosire aliamua tarehe 13 Februari 1987 kwamba maziko yafanyike Nyalgunga. Mahakama ya Rufaa iliuthibitisha uamuzi huo tarehe 15 Mei. Otieno alizikwa tarehe 23 Mei 1987, siku 154 baada ya kufa kwake. Wambui hakuhudhuria.

Mizani ya mahakama ilikuwa imeelemea upande wa ukoo. Mwacha mila ni mtumwa, husema wahenga. Lakini swali lililobaki ni nani mwenye mila hiyo, na mwanamke aliyeolewa kutoka jamii nyingine ana sauti gani ndani yake. Katiba ya mwaka 2010 iliibadili mizani hiyo kwa kiasi kikubwa: Ibara ya 2 hubatilisha mila yoyote inayokiuka Katiba, na Ibara ya 45 huwapa mume na mke haki sawa katika ndoa.

Wambui alifariki mwaka 2011, hukumu ya mwaka 1987 ikiwa haijatenguliwa. Naye Otieno, aliyeishi kwa kuwasemea wengine mahakamani, alisemewa na wengine katika kesi iliyomhusu kuliko zote. Huenda neno moja la maandishi lingaliongeza uzito wa upande wake, lakini hakuliacha.