D.O. Misiani: Mwana wa Shirati aliyewasimulia Wakenya historia yao

KATIKA makutano ya Kisian, magharibi mwa jiji la Kisumu, ndipo barabara ya Bondo inapoachana na ile ya Busia. Wasafiri wa njia hizo wameliwazwa miaka mingi na magitaa ya benga, na miongoni mwa sauti wanazozitambua upesi ni ya marehemu Daniel Owino Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz. Wengi husahau kwamba gwiji huyo, aliyeitwa Mfalme wa Historia, hakuzaliwa Kenya.

Misiani alizaliwa Februari 22, 1940 katika kijiji cha Nyamagongo, eneo la Shirati, mkoani Mara nchini Tanzania. Wazazi wake walikuwa waimbaji, lakini kwa kuwa walishika sana dini, hawakupendezwa kumwona mtoto wao akipiga gitaa. Kijana hakusikia la mwadhini wala la mteka maji. Miaka ya 1960 alivuka mpaka na kuingia Kenya kutafuta riziki kwa muziki.

Mpaka huo ulichorwa na wakoloni katikati ya Waluo, watu wa lugha moja. Kwa wapenzi wa muziki, Misiani alikuwa ndugu. Kwa wakuu wa serikali, alikuwa mgeni. Tofauti hiyo ilikuja kumgharimu.

Alianza kurekodi katikati ya miaka ya 1960. Kundi lake lilibadilisha majina mara kadhaa, likiwamo Victoria Boys na Shirati Luo Voice, kabla ya kutambulika kote kwa jina la Shirati Jazz. Hakuwa peke yake katika kuijenga benga, kwani wanamuziki kama John Ogara na George Ramogi nao walitoa mchango mkubwa. Hata hivyo, ni Misiani aliyeitwa babu wa benga ng'ambo.

Siri ya benga ni nyatiti, zeze la Waluo lenye nyuzi nane. Misiani na wenzake walihamishia mdundo wake kwenye magitaa ya umeme. Besi ilirukaruka badala ya kutulia nyuma, waimbaji wawili wakapokezana hadithi, kisha sauti zikanyamaza na kuliachia gitaa la solo uwanja. Kwa kuwa santuri ndogo hazikutosha wimbo mrefu, kisa kilianza upande wa kwanza na kumalizikia upande wa pili.

Katika miaka ya 1970 santuri hizo zilitapakaa. Mfanyabiashara Oluoch Kanindo, aliyezitoa nyingi, alizifikisha hadi kusini mwa Afrika. Nchini Zimbabwe, muziki wa sungura ulirithi jina lake kutoka kwa lebo ya Kanindo.

Lakini Misiani hakuimba mapenzi pekee. Alisimulia mambo ya siasa, akiyafunika kwa visa vya Biblia na vya wanyama, na msikilizaji akabaki kujaza majina mwenyewe. Fumbo humfumba mjinga, na watawala hawakuwa wajinga. Alikamatwa na kutiwa ndani zaidi ya mara moja kwa ajili ya nyimbo zake, na kwake kulikuwa na tishio jingine ambalo mwanamuziki mzaliwa wa Kisumu au Siaya hakulijua: kurudishwa kwao. Angeweza kunyamaza na kuendelea kuuza santuri. Hakunyamaza. Hata katika miaka ya 2000, wimbo wake Bim en Bim uliwatumia nyani kuwakejeli wanasiasa.

Sifa zake zilivuka bahari pia. Nchini Uingereza, albamu ya Benga Beat ilitolewa mwaka 1987, na Benga Blast! ikafuata mwaka 1989.

Mei 17, 2006, Misiani alifariki dunia katika ajali ya barabarani mjini Kisumu, akiwa na umri wa miaka 66. Miaka minne baadaye, kampuni ya Sterns ya London ilikusanya nyimbo zake za miaka ya 1970 katika albamu iliyopewa jina lile lile la Mfalme wa Historia.

Jina hilo alistahili. Mambo ambayo wenyeji wengi waliyanong'ona vyumbani, mgeni huyu aliyapigia gitaa hadharani, akijua fika kwamba yeye ndiye wa kwanza kuonyeshwa njia ya mpakani.