John Dunstaple, Mtunga Nyimbo za Kanisa

Tarehe 24 Desemba 1453, miaka 30 kabla ya kuzaliwa Martin Luther, alifariki Mwingereza jina lake John Dunstaple. Akazikwa London, katika kanisa la Mtakatifu Stefano, mtaa wa Walbrook. Yafaa wapenda nyimbo wazijue habari zake.

Dunstaple alikuwa mtu wa elimu nyingi, aliyejua hesabu na mwendo wa nyota. Alimtumikia kwa muziki John, mkuu wa Bedford, nduguye mfalme Henry wa 5. Lakini kazi iliyompatia sifa ni kuyatungia sauti maneno ya Misa, na sala, na maneno ya Wimbo Ulio Bora.

Siku zile katika nchi nyingi za Ulaya sauti za waimbaji ziligongana mara kwa mara kwa ukali. Dunstaple na Waingereza wenzake, kama Leonel Power, walipenda sauti ziachanazo kama do na mi, wakaziongoza zipate kupatana. Utamu huo ukawavuta wageni. Watungaji wakuu wa ng'ambo, Guillaume Dufay na Gilles Binchois, wakaifuata njia yake. Mshairi Martin le Franc aliishuhudia habari hiyo yapata mwaka 1440.

Wimbo wake mmoja wa sauti nne wamwomba Roho Mtakatifu aje. Ndani yake umefumwa wimbo wa kale, Veni Creator, ule ule alioufasiri Luther kwa Kijerumani mwaka 1524, watu wote wapate kuuimba.

Walakini huko kwao kazi yake ilipatwa na msiba. Tangu mwaka 1536 hata 1540 mfalme Henry wa 8 alizifunga nyumba za watawa, na zamani za mwanawe, Edward wa 6, ikaamriwa vitabu vya kale vya ibada viharibiwe. Watu walivirarua na kuvichoma, wakidhani kwamba wanaisafisha ibada. Kumbe, sifa za Mungu ziliteketea pamoja na makosa ya wanadamu. Hata kanisa alimozikwa likaungua katika moto mkuu wa London, mwaka 1666.

Je, kazi yake ilipotea? La. Waandishi wa ng'ambo walikuwa wamekwisha kuzinakili nyimbo zake kwa mkono, nota kwa nota. Zimebaki nyimbo kama 50, na nyingi zimeokoka katika vitabu vilivyotunzwa Trento, Aosta na Modena, katika nchi ya Italia. Waingereza walichokiharibu kwao, wageni waliwahifadhia.

Basi, ndugu walimu, mnaponakili nyimbo kwa ajili ya waimbaji wenu, msiidharau kazi hiyo. Tena tunapotengeneza mambo ya Kanisa, tupime kwanza, tusije tukaing'oa ngano pamoja na magugu.