Sailor Malan: Shujaa wa angani aliyezikwa kwao bila heshima za jeshi

WAHENGA walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Kwa Adolph Gysbert Malan, rubani wa Afrika Kusini aliyevuma kote Uingereza kwa kuzitungua ndege za Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, methali hiyo ilikwenda kinyume.

Alipofariki Septemba 17, 1963 mjini Kimberley, serikali ya nchi yake haikumwandalia mazishi ya kijeshi, nao wanajeshi waliotaka kumsindikiza waliagizwa wasivae sare. Aliyenyimwa heshima hizo alikuwa miongoni mwa marubani hodari zaidi wa ndege za kivita waliopata kutoka katika bara hili. Kosa lake lilikuwa la kisiasa: aliwahi kusimama hadharani kuupinga utawala wa chama cha National Party, uliojenga mfumo wa ubaguzi wa rangi.

Malan alizaliwa mwaka wa 1910 huko Wellington, katika mkoa wa Cape. Ukoo wake ulikuwa wa Makaburu waliotokana na wakimbizi Waprotestanti kutoka Ufaransa, walioingia kusini mwa Afrika katika karne ya 17. Alikulia shambani, na huko ndiko alikojifunza kulenga shabaha kwa bunduki tangu utotoni.

Hata hivyo, maisha ya shamba hayakumshika mapema. Mwaka wa 1924 aliingia katika meli ya mafunzo ya General Botha, iliyotia nanga Simon's Town, ambako vijana walifunzwa ubaharia chini ya nidhamu kali. Baadaye aliajiriwa na kampuni ya meli ya Union-Castle, iliyosafirisha abiria na barua kati ya Uingereza na Afrika Kusini. Miaka hiyo ya baharini ndiyo iliyompa jina la Sailor, yaani Baharia, ambalo lilimganda hadi kufa.

Mnamo 1935, Uingereza ilipokuwa ikipanua jeshi lake la anga kwa hofu ya Ujerumani ya Hitler, Malan aliacha meli akajifunza urubani. Alipohitimu alipelekwa Kikosi cha 74, kilichokuwa na makao yake Hornchurch, mashariki mwa London. Huko alidhihirika kuwa mlengaji wa kupigiwa mfano na kiongozi asiyependa mzaha kazini.

Vita vilimwanzia kwa doa. Septemba 6, 1939, siku tatu tu baada ya Uingereza kutangaza vita, marubani wawili waliokuwa chini ya uongozi wake angani walizishambulia ndege za Uingereza yenyewe wakidhani ni za adui. Ndege mbili zilianguka na rubani mmoja kijana akafariki. Marubani hao walifikishwa katika mahakama ya kijeshi, na Malan akatoa ushahidi upande wa mashtaka, akishikilia kwamba alikuwa amewaamuru wasitishe shambulio. Utetezi ulipinga maelezo yake vikali, na washtakiwa wakaachiliwa huru. Tukio hilo lilimwachia wakosoaji hata miongoni mwa wenzake.

Sifa zake zilichomoza mwishoni mwa Mei 1940, majeshi ya Uingereza yalipokuwa yakiokolewa kwa meli kutoka fuo za Dunkirk, Ufaransa. Malan alitungua ndege kadhaa za adui katika mapigano hayo na kutunukiwa nishani. Usiku wa Juni 18 kuamkia 19, alidungua ndege mbili za mabomu aina ya Heinkel akiwa na Spitfire, ndege ambayo haikuundwa kwa mapigano ya gizani.

Mnamo Agosti 1940 alikabidhiwa uongozi wa Kikosi cha 74, wakati ambapo Ujerumani ilitaka kulitwaa anga la Uingereza kabla ya kuivamia kwa bahari. Agosti 11, kikosi chake kiliruka na kupigana mara nne kwa siku moja. Ushujaa wa siku hiyo ulikumbukwa na marubani wa kikosi hicho kwa jina lake.

Lakini mchango wake mkubwa haukuwa idadi ya ndege alizoangusha. Marubani wa Uingereza walikuwa wamefundishwa kuruka wakiwa wamebanana watatu watatu, mtindo uliopendeza machoni ila ulimlazimu kila mmoja kuangalia bawa la mwenzake badala ya kumtafuta adui. Malan aliutupilia mbali na kuwapanga watu wake wanne wanne, mmoja nyuma ya mwingine.

Aidha, alibadilisha namna ya kulenga. Bunduki za Spitfire, zilizofungwa katika mabawa, zilikuwa zimerekebishwa ili risasi zake zikutane umbali wa yadi 400 mbele ya ndege. Yeye aliupunguza umbali huo hadi yadi 250, kwa imani kwamba asiyethubutu kumkaribia adui hawezi kumwangusha. Vilevile, aliandika kanuni 10 za mapigano ya angani, zilizohimiza kuwahi kuwa juu ya adui, kutoruka kwa mstari ulionyooka katika eneo la hatari, na kufyatua risasi kwa muda mfupi mno. Kanuni hizo zilibandikwa katika kambi nyingi na kusomwa na vijana waliokuwa na saa chache tu za urubani. Si wachache waliookoka kwa kuzifuata.

Mwaka wa 1941 aliongoza vikosi vya kambi ya Biggin Hill katika mashambulizi juu ya Ufaransa. Kufikia katikati ya mwaka huo alikuwa ametambuliwa kwa kuangusha ndege 27, mbali na nyingine alizoshirikiana na wenzake. Uchovu ulipomzidi, aliondolewa katika mapigano ya kila siku. Alirejea Biggin Hill kama mkuu wa kambi mwaka wa 1943, na Juni 6, 1944 aliruka juu ya fuo za Normandy wakati majeshi ya washirika yalipotua Ufaransa.

Malan aliondoka jeshini mwaka wa 1946 akiwa na cheo kinacholingana na cha kanali katika jeshi la nchi kavu. Alirudi kwao akafanya kazi ya ukatibu kwa Harry Oppenheimer, tajiri wa migodi ya almasi na dhahabu, kisha akajipatia shamba karibu na Kimberley na kuanza kufuga kondoo. Kwa mtu aliyeona vijana wengi wakiteketea angani, huenda upweke wa nyika ile ulikuwa faraja.

Utulivu huo haukudumu. Mnamo 1948 chama cha National Party, chini ya D.F. Malan, kilitwaa mamlaka kwa ahadi ya kuzitenga jamii kwa misingi ya rangi. Baadhi ya wafuasi wake walikuwa wamepinga nchi yao kupigana na Hitler. Mwaka wa 1951 serikali hiyo ilileta mswada wa kuwaondoa watu wenye asili ya mchanganyiko, walioitwa Machotara, katika daftari la pamoja la wapigakura mkoani Cape. Katiba ilihitaji theluthi mbili ya wabunge wa mabaraza yote mawili wakiketi pamoja. Serikali ilitumia wingi wa kawaida tu.

Wanajeshi wa zamani walighadhibika. Wengi waliona kwamba mambo waliyoyapiga vita ng'ambo yalikuwa yamebisha hodi nyumbani. Waliandamana usiku wakiwa na mienge, na ndipo likazaliwa vuguvugu la Torch Commando, Malan akiwa rais wake. Mwezi Mei 1951 msafara mrefu wa magari ulitoka kaskazini hadi Cape Town, ambako ulilakiwa na maelfu ya watu. Katika kilele chake, vuguvugu hilo lilidai kuwa na wanachama 250,000. Serikali ilitishika ikawakataza watumishi wa umma na wanajeshi kujiunga nalo.

Mnamo Machi 1952 mahakama ya rufaa iliibatilisha sheria hiyo. Hata hivyo, udhaifu wa Torch Commando ulikuwa ndani yake yenyewe. Vuguvugu lililodai kutetea haki ya Machotara lilishindwa kuafikiana iwapo Machotara waliotumikia jeshi waandikishwe kama wanachama, na wengi wakaachwa nje. Halikudai Waafrika warejeshewe haki yao katika daftari hilo la Cape, waliyonyang'anywa mwaka wa 1936. Chama cha ANC na washirika wake walipoanzisha kampeni ya kuvunja sheria za kibaguzi Juni 26, 1952, nao Waafrika kwa maelfu wakatiwa mbaroni, Torch Commando haikujiunga nao.

Hapo ndipo palipo na funzo la maisha ya Malan. Katika anga la Uingereza adui alijulikana kwa alama ya bawa lake. Nyumbani, yeye na wenzake waliilinda katiba bila kuuliza ilikuwa ya nani. Waliwategemea wapigakura Wazungu kuuzima moto ambao wengi wa wapigakura hao waliota joto lake.

Uchaguzi mkuu wa Aprili 1953 ulitoa jibu. National Party ilirudi na wingi mkubwa zaidi, na Torch Commando ikasambaratika. Mwaka wa 1956, baada ya serikali kuongeza idadi ya maseneta ili ipate theluthi mbili, Machotara waliondolewa katika daftari hilo.

Malan alirudi kwa kondoo wake. Miaka ya mwisho aliandamwa na ugonjwa wa Parkinson, ambao hutetemesha mikono na kukaza viungo, ukamwua angali katika umri wa makamo. Waliomnyima heshima za jeshi walimwogopa kwa sababu alikuwa mmoja wao, Kaburu ambaye ushujaa wake haungeweza kukanushwa, na ambaye aliwapinga.

Haki ya kura aliyoitetea kwa sehemu tu ilipatikana kwa ukamilifu Aprili 27, 1994, watu wa rangi zote walipopiga foleni pamoja, zaidi ya miaka 30 baada ya kifo chake. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na wale ambao Torch Commando haikuwafungulia mlango.