Xica Manicongo, aliyeshitakiwa kwa ajili ya kitambaa cha kiunoni
Hata Kalundu, namna ya kufunga kikwembe inasema mengi juu ya anayekivaa. Xica Manicongo ilimpeleka mashitakani. Mzaliwa huyu wa ufalme wa Kongo, upande wa magharibi, alikuwa mtumwa wa fundi viatu mjini Salvador, Brazili. Hati zinamwita Francisco. Mwaka 1591 alishitakiwa mbele ya mahakama ya Kanisa: alikataa nguo za kiume alizopewa na bwana wake, akafunga kitambaa chenye uwazi mbele, kama jimbanda wa kwao, waliozaliwa wanaume wakaishi kike. Mtumwa, lakini nguo alichagua mwenyewe! Adhabu ingeweza kuwa moto. Inasimuliwa kwamba alikubali nguo za kiume, akapona. Jina Xica alipewa na Wabrazili wa karne hii, na mwaka 2025 kundi la samba la Paraíso do Tuiuti lilimwimba kwenye karnivali ya Rio de Janeiro.